Chembe za Manjano Kwenye Shashi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeuguza watoto hapa Sumbawanga, juu huku kwenye baridi ya uwanda wa Ufipa. Wadi ya watoto ina magonjwa yake ya kila siku: nimonia miezi ya upepo wa Juni na Julai, kuhara mvua zinapoanza, malaria inayopanda na wagonjwa kutoka bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, na watoto waliomwagikiwa na uji wa moto. Aktinomikosisi haimo katika orodha hiyo. Muuguzi anaweza kustaafu bila kukutana nayo. Mimi nilikutana nayo kwa mvulana wa miaka 9, aliyeletwa na bibi yake kutoka kijiji kimoja cha upande wa Laela, shavu la kulia limevimba mpaka chini ya taya.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wa jamii ya Actinomyces, hasa Actinomyces israelii. Hutengeneza uvimbe mgumu unaosambaa polepole, unaopita kwenye misuli na ngozi bila kujali mipaka ya mwili, kisha unatoboa vitundu vya kutolea usaha. Mara nyingi hushika taya na shingo. Unaweza pia kushika mapafu au tumbo. Kwa watoto ni nadra kuliko kwa watu wazima, na kwa sababu hiyo hupewa majina ya magonjwa mengine kwa miezi mingi. Unatibika vizuri kabisa. Naandika haya kwa manesi na matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na kwa mzazi yeyote mwenye mtoto ambaye uvimbe wake haueleweki.

1. Uvimbe unaorudi usiuhesabu kama mpya

Bibi alipoketi nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani na za shamba, ndipo nikamuuliza uvimbe ulianza lini. Akaniuliza, "Upi mwanangu? Huu wa sasa au ule wa kwanza?"

Swali lake likanifungua macho. Ule wa kwanza ulitokea kabla ya mavuno, majirani wakasema ni matubwitubwi. Matubwitubwi huwa yameisha ndani ya wiki mbili hivi, lakini huu ulibaki, ukawa mgumu, ukatumbuka wenyewe chini ya taya, ukatoa usaha kidogo, ukafunga. Akanunuliwa vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa muhimu. Uvimbe ukanywea, mtoto akarudi shule. Baada ya wiki chache ukarudi na kutoboka pembeni ya kovu la kwanza. Akapewa tena vidonge. Ukanywea tena.

Kupanda na kushuka huko ni alama ya ugonjwa wenyewe. Bakteria hawa wanauawa na dawa nyingi za kawaida, ndiyo maana kila kozi fupi huleta nafuu ya kweli. Lakini wanakaa ndani ya nyama iliyokakamaa, yenye mishipa michache ya damu, wamejikusanya katika mafungu ambayo dawa huyafikia taratibu. Siku 5 za vidonge huwaua walio pembeni. Wa katikati hubaki. Anayemwona mtoto kwa mara ya kwanza huona jipu jipya, na daftari la mgonjwa linaandikwa "jipu" kwa mara ya tatu kwa mwandiko wa mtu wa tatu.

Juu ya shavu palikuwa na mistari midogo ya chale. Bibi alinieleza bila kificho kwamba alimpeleka kwa mganga, akachanjwa na kupakwa dawa ya majivu. Aliniambia kwa sababu hakuna aliyemkaripia. Nimeona walezi wengi wakigombezwa mlangoni kwa ajili ya chale, na baada ya hapo hawasemi tena lolote, hata tarehe. Kwa ugonjwa ambao utambuzi wake unategemea historia ya miezi, mlezi akishafunga mdomo tumepoteza kipimo kikubwa kuliko vyote.

2. Fungua kinywa kabla ya kupapasa shingo

Mkono wa muuguzi huenda kwanza kwenye uvimbe. Daktari wetu alianza na kinywa. Alimwambia kijana ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele, vimesimama wima. Mtoto mzima kwa kawaida vitatu vyake vinaingia. Yeye kiliingia kimoja. Misuli ya kutafunia ilikuwa imekakamaa, na bibi akakumbuka kwamba kwa muda mrefu mtoto alikuwa akikwepa mahindi ya kuchoma na kuomba uji.

Kwa tochi, kupitia mwanya huo mdogo, tukaliona gego la chini upande wa kulia, limetoboka katikati na kubaki kingo. Hapo ndipo mlango ulipokuwa. Bakteria wa Actinomyces huishi vinywani mwetu sote, kwenye utando wa meno na kwenye fizi, na hawamdhuru mtu mpaka pawe na njia ya kuingia ndani ya nyama: jino lililooza, jino lililong'olewa, taya lililovunjika, kidonda cha kuanguka au teke la mnyama.

Gego lenyewe ni jambo ambalo ningependa kila mzazi wa mkoa wetu wa Rukwa alijue. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na kwamba litang'oka na kuota jingine. Halioti jingine. Likitoboka akiwa na miaka 7, ndilo hilo la maisha, na likiachwa lioze mizizi yake inakuwa barabara ya kuingia kwenye mfupa wa taya.

Niongeze na hili, maana linaniuma. Katika sehemu nyingi za Tanzania bado kuna watu wanaowachimbua watoto wachanga fizi kwa kile kinachoitwa meno ya plastiki, mtoto akiwa na homa au anaharisha. Kinachotolewa pale ni kichanga cha jino la kweli, kwa chombo kisichochemshwa, kwenye kinywa kilichojaa bakteria wa kila aina. Mtoto anaweza kupata sumu ya damu akafa. Homa na kuhara vina tiba yake zahanati, na tiba hiyo haipiti kwenye ufizi.

3. Uliza mtoto ametoka juu au bondeni

Taya la mtoto likivimba Afrika Mashariki, jina moja lazima lipite kichwani mwa kila tabibu: limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya saratani hii ya mataya ya watoto mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari wiki 10 na maili 10,000 hivi kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali kama wanaiona saratani hiyo. Waligundua kwamba inafuata joto na mvua. Karibu na ikweta haionekani sana juu ya mita 1,500, na kadiri unavyokwenda kusini mpaka huo unashuka. Baadaye ikaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964, ndivyo vinavyoiandalia njia.

Mpaka huo unapita katikati ya mkoa wetu. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika chini kidogo ya hapo. Mtoto wa Muze au Mtowisa chini bondeni, au wa Kirando na Kasanga ziwani, amekulia kwenye malaria. Mtoto aliyezaliwa na kukulia juu ya uwanda, malaria yake ni chache zaidi. Swali la "mnaishi wapi, na mlikuwa mnaishi wapi kabla ya hapo" halitoi jibu la mwisho, kwani familia huhama na watoto hupelekwa kwa ndugu. Hata hivyo linabadilisha uzito wa kila kitu kinachofuata.

Tofauti kubwa ni mwendo. Burkitt inakwenda mbio: shavu la wiki hii si la wiki iliyopita, meno yanalegea na kusogea, usaha haupo. Mtoto huyo anahitaji kufika kwenye tiba ya saratani haraka, na kila wiki ya kujaribu vidonge inamgharimu. Aktinomikosisi inajivuta. Ngozi juu ya uvimbe huwa na wekundu unaoelekea zambarau, nyama chini yake ni ngumu na haisogei chini ya vidole, homa ni ndogo au haipo, na maumivu ni machache kuliko unavyotarajia ukitazama ukubwa wa uvimbe. Kijana wetu alikuwa hivyo. Alicheza karata kitandani na mtoto mwenzake aliyevunjika mguu, akicheka kwa upande mmoja wa uso.

Kifua kikuu cha tezi ndicho kinachofanana nayo zaidi, nacho kiko kila mahali. Kifua kikuu huanza kwenye tezi zenyewe, zinashikamana, zinalainika na kutoboka. Hapa tezi zilikuwa karibu za kawaida, na ugumu ulikuwa kwenye pembe ya taya. Hata hivyo, kwa vidole peke yake hakuna anayeweza kuapa.

4. Shashi iangalie kabla ya kuitupa

Kusafisha kidonda ni kazi yangu ya asubuhi. Unabandua plasta, unatoa shashi ya jana, unaitupa kwenye ndoo ya taka za hospitali, unasafisha, unafunga mpya. Mikono inafanya hivyo huku macho yakiwa kwa mtoto anayefuata.

Shashi ya kijana yule ilikuwa na usaha mwembamba, wa kijivu, na kwenye nyuzi zake palinasa vitu vidogo vya manjano. Nilidhani ni makombo ya uji. Nikaisogeza dirishani. Vilikuwa vya mviringo, vichache, vikubwa kiasi cha nusu ya punje ya ulezi. Nilipokisogeza kimoja kwa ncha ya koleo hakikupondeka kama usaha ulioganda. Kilikuwa kigumu.

Nikamwita daktari. Akaitazama shashi muda mrefu, kisha akaniambia niiweke kwenye chombo safi, niilowanishe kwa maji ya chumvi ya dripu isikauke, niipeleke maabara mwenyewe. Mtaalamu wetu wa maabara akaziosha chembe mbili, akaziweka kati ya vioo viwili, akabonyeza. Kwanza akatazama bila rangi: bonge lililosongamana katikati, na pembeni nyuzi zinazotoka kama miale kila upande. Kisha akatia rangi ya Gram. Nyuzi zikatokea za zambarau, nyembamba, zenye matawi. Akaniachia nafasi kwenye hadubini nizione. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kufurahi namna ile kwa kuona bakteria.

Chembe hizi vitabu huziita chembe za salfa kwa ajili ya rangi yake, ingawa si salfa. Ni makoloni ya bakteria wenyewe, yameshikana pamoja na mabaki ya tishu. Si kila mgonjwa anazo, na zikiwepo huweza kutoka siku moja na kukosekana siku nyingine, kwa hiyo shashi ya leo ikiwa tupu itazame na ya kesho. Tena chembe peke yake si hukumu. Bakteria wengine, hata stafilokokasi, wanaweza kutengeneza chembe zinazofanana nazo kwa jicho, na mguu wenye maisetoma, uvimbe sugu unaotoboka, hutoa chembe pia. Ndiyo maana hadubini lazima iseme.

Mtaalamu wetu alitia pia rangi ya Ziehl-Neelsen, ile ya kutafutia kifua kikuu. Nyuzi hazikushika wekundu. Hilo lina faida mbili. Linapunguza shaka ya kifua kikuu, na, rangi hiyo ikitumiwa kwa asidi dhaifu, linasaidia kumtenga ndugu wa mbali wa bakteria hawa, Nocardia, mwenye nyuzi na matawi yaleyale, ambaye hapo hushika wekundu kidogo. Nocardia hutibiwa kwa dawa za jamii ya salfa kama kotrimoksazoli, wala si kwa penisilini. Ukiwachanganya hawa wawili, mtoto atakaa miezi kwenye dawa isiyo yake.

Hadubini, vioo, rangi ya Gram na Ziehl-Neelsen zipo kwenye vituo vya afya vingi vya mkoa huu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuipeleka shashi.

5. Sampuli itoke kabla ya dawa kuingia

Hili ni fupi lakini ni zito. Dozi chache tu za dawa zinaweza kuwazuia bakteria hawa wasiote maabara. Kwa hiyo, mtoto akiwa hana hatari ya haraka, sampuli inachukuliwa kwanza. Usaha wa kuvuta kwa sindano, au kinyama kilichokatwa, una thamani zaidi kuliko pamba iliyopitishwa juu ya kidonda, kwa sababu pamba huokota bakteria wa ngozi na wa kinywa wasiohusika.

Actinomyces wengi hawapendi hewa. Kuwaotesha kunahitaji chombo kisicho na oksijeni na subira ya wiki mbili hadi tatu, na maabara nyingi za kwetu hazina njia hiyo. Kinyama ndicho kilichotusaidia. Kimoja kiliwekwa kwenye fomalini kusafiri hadi kwa wataalamu wa patholojia, kingine bila fomalini kwa ajili ya kipimo cha kifua kikuu cha GeneXpert. Ukikitia chote kwenye fomalini umeua kila kitu, na mashine haitakuwa na cha kukuambia cha kuaminika. Vichupa viwe viwili, na viandikwe majina kabla ya kisu kushikwa.

Mtoto akapimwa pia Virusi vya Ukimwi, kwa ridhaa ya bibi, na taya likapigwa eksirei kuona kama mfupa umeshaliwa. Vyote vikaja na habari njema. Mtoto mwenye maambukizi haya yanayorudi hata baada ya tiba kamili, au yaliyoshika sehemu zisizo za kawaida, anastahili kuchunguzwa kinga ya mwili wake kwa undani, maana wapo watoto wanaozaliwa na chembe nyeupe za damu zisizoweza kuua bakteria.

6. Hakuambukizwa na ng'ombe

Bibi aliposikia maelezo ya daktari alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa wa ng'ombe kwenye mdomo wa mjukuu wake. Nyumbani kwao wanalima kwa maksai, na miaka ya nyuma walikuwa na dume lililovimba taya mpaka likashindwa kula.

Swali lake lilikuwa la mtu anayeona vizuri. Historia ya ugonjwa huu ilianza kwa ng'ombe kweli. Mwaka 1877 Otto Bollinger, huko Ujerumani, alieleza uvimbe wa mataya ya ng'ombe na vitu vyenye umbo la miale ndani yake. Mtaalamu wa mimea, Carl Otto Harz, ndiye aliyewapa bakteria hao jina la Actinomyces, akidhani ni kuvu. Mwaka 1878 James Israel, daktari mpasuaji wa Berlin, akaeleza ugonjwa kama huo kwa binadamu, na bakteria wa watu akaja kubeba jina lake. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtu huupata kwa kutafuna majani au mabua ya shambani. Siku hizi inajulikana kwamba wa ng'ombe ni Actinomyces bovis, na wa mtoto ametoka kinywani mwake mwenyewe.

Daktari alimweleza bibi hivyo taratibu, mimi nikarudia kwa maneno yangu. Dume lile halikuwa na kosa, wala yeye. Na jambo lililofuata lilikuwa muhimu kwa mtoto: ugonjwa hauruki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hakutengwa wadini, alikula sahani moja na mwenzake mwenye mguu uliofungwa, na mwalimu wake aliandikiwa kwamba anaweza kukaa dawati moja na wengine hata kabla bandeji haijaondoka.

7. Penisilini ileile, kwa muda mrefu

Bibi alitarajia dawa mpya kutoka mbali. Iliyokuja ni penisilini ya sindano, ile tunayoiita eksipeni, ambayo imekuwa kwenye kabati zetu tangu sijaanza kazi.

Kabla ya penisilini kuenea miaka ya 1940, wagonjwa hawa walipewa iodini, walichomwa kwa mionzi, walikatwa na kukatwa tena, na wengi walikufa. Huwa namfikiria Adrien Atiman, yule tabibu Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali ya kanisa mjini kwetu ina jina lake. Miaka mingi ya kazi yake ilipita kabla dawa hii haijakuwepo duniani. Taya kama la kijana huyu, mbele ya mikono yenye huruma namna ile, lisingekuwa na dawa. Sisi tunayo, kwa bei ya chini, na tunaipoteza kwa kuikatisha.

Mpango wa kawaida kwa ugonjwa uliokomaa ni huu: penisilini au ampisilini kwenye mshipa wiki 4 hadi 6, halafu dawa ya kunywa, penisilini V au amoksilini kwa dozi kubwa, mpaka jumla ifike miezi 6 hadi 12. Ugonjwa mdogo wa taya uliowahiwa, ambao jino lake limetolewa na usaha kukamuliwa, huweza kupona kwa muda mfupi zaidi. Hilo ni la daktari kuamua, na dozi hupimwa kwa kilo za mtoto. Mtoto mwenye mzio wa penisilini ana dawa mbadala, na ni lazima aulizwe kabla ya sindano ya kwanza.

Metronidazoli, ambayo kwetu huandikwa karibu kwa kila jino linalouma, haiwaui Actinomyces. Kloksasilini nayo si dawa ya kuitegemea hapa. Mtoto anaweza kunywa hizo mbili mwezi mzima na uvimbe ukasonga mbele.

Kwa muuguzi, kazi ni mishipa na saa. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Dozi ya usiku wa manane ndiyo inayorukwa kirahisi, mtoto amelala, mkono uko ndani ya blanketi, na kanula imelegea. Tulipanga kwamba kanula ikaguliwe kila zamu zinapobadilishana, mshipa ukianza kuwa mwekundu ihamishwe mapema, na daftari la dawa lisainiwe kitandani, si mezani. Pale ambapo dozi nne kwa siku haziwezekani kabisa, daktari anaweza kuchagua seftriaksoni ya mara moja kwa siku, ambayo nayo inafanya kazi.

Jino lilitolewa na tabibu wa kinywa na meno baada ya dawa kuanza kushusha uvimbe na kinywa kufunguka kiasi cha kuingiza koleo. Usaha uliobaki ukatolewa. Upasuaji husaidia dawa, hauchukui nafasi yake.

Kijana alijipima mwenyewe kila asubuhi kwa vidole vyake. Kimoja kikawa kimoja na nusu. Siku alipoingiza vitatu aliniita kutoka mlangoni, na mchana huo bibi akamletea mgebuka wa kukaanga na ugali mgumu.

Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye wadi za kifua na tumbo: ugonjwa huu ukiwa mapafuni hufanana na kifua kikuu kisichosikia dawa, na wakati mwingine hutoboa ukuta wa kifua kati ya mbavu. Tumboni hufuata kidole tumbo kilichopasuka, ukaacha bonge gumu upande wa kulia chini. Mtoto aliyemaliza miezi ya dawa za kifua kikuu bila nafuu, vipimo vyake vyote vikiwa hasi, anahitaji mtu wa kuuliza swali hili.

8. Miezi ya dawa hupita shambani

Kazi ngumu huanza mtoto anaporuhusiwa. Ana sura nzuri, anakula, vitundu vimefunga, na bado ana miezi ya kunywa dawa mbele yake. Kwetu miezi hiyo haiendi bila kukutana na kulima, kupanda, kupalilia au kuvuna. Mvua zikianza Novemba, nyumba nzima iko shambani tangu alfajiri, na safari ya kuja mjini kuchukua dawa ni siku ya jembe iliyopotea pamoja na nauli.

Tulikaa na bibi tukapanga kwa kalenda yake, si yetu. Tarehe za kliniki zikawekwa siku za mnada ambazo kwa vyovyote mtu wa nyumbani hushuka njia hiyo. Dawa akapewa ya kutosha mpaka tarehe inayofuata na akiba ya wiki moja, kwa ajili ya siku ambazo barabara ya kijijini inakuwa tope. Badala ya dawa ya maji, ambayo ikishachanganywa haidumu wiki nyingi, akapewa vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji safi. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali akasaidia upande wa malipo, maana mtoto alikuwa ameshavuka umri wa miaka 5 wa matibabu bila malipo. Mwalimu wa darasa alikubali kusimamia dozi ya mchana. Bibi hasomi, kwa hiyo tulimchorea jua likichomoza, jua la utosini na jua likizama, na vidonge pembeni ya kila jua.

Nilimwambia ukweli mmoja bila kuupamba: kuna siku utamtazama mtoto huyu ukamwona mzima kuliko wenzake, na siku hiyo utataka kuacha. Siku hiyo, mama, ndiyo umpe kidonge mbele ya macho yako. Akanijibu kwamba dume la nyumbani waliliacha kulitibu lilipoanza kula tena.

9. Barua iandikwe kwa mtu ambaye hajawahi kuuona ugonjwa

Atakayempokea mtoto huyu safari ijayo huenda ni tabibu kijana wa zahanati, peke yake, saa mbili usiku. Barua yetu ya kumruhusu iliandikwa kwa ajili yake. Jina la ugonjwa kwa herufi kubwa. Kilichoonekana kwenye hadubini na kwenye kinyama, pamoja na tarehe. Dawa iliyotolewa kwenye mshipa, ilianza lini na kuisha lini. Dawa ya kunywa, dozi yake kwa kilo zake, na tarehe inayotarajiwa kumalizika. Upana wa kinywa chake kwa vidole siku ya kuondoka. Gego lipi lilitolewa, na mengine mawili yaliyoanza kutoboka ambayo yanahitaji kuzibwa. Namba ya simu ya wadi.

Na mwisho wa barua, kwa kalamu nyekundu: uvimbe ukirudi, hata ukiwa mdogo, asipewe kozi ya siku 5. Shashi yake itunzwe, naye aletwe.